Mchicha kwenye Bustani ya Jumba

Shikamoo Mama,

Natumai mgongo umetulia. Jana huku Uingereza tulitembelea jumba la kale la matajiri, vyumba vingi mpaka nikachoka. Lakini bustani, Mama! Wameipanda upya kama ilivyokuwa enzi zao, na katikati ya maua, kwenye tuta la heshima kabisa, nikakuta mchicha. Mwekundu, umenona, watu wanaupiga picha.

Mkono ukaenda wenyewe. Nilishachuma ncha nne kwa ukucha, vile ulivyonifundisha, ndipo mzee mtunza bustani akasimama mbele yangu.

"Bibie, hayo ni maua ya kutazama."

Nikamwambia sisi tunayaunga kwa nazi. Akacheka, akauliza nani kanifundisha kuchuma vizuri hivyo.

"Mama yangu. Ana bustani Toronto, ghorofa ya kumi na moja."

Bustani! Na ni mimi niliyekununia mpaka ukazitoa zile ndoo zako za mchicha kwenye balkoni, eti zinanitia aibu kwa wageni. Nisamehe, Mama. Zirudishe. Ila udongo usiubebe na mgongo huo, nisubiri niupandishe mwenyewe.

Mwanao akupendaye,
Rehema