Bawa Lililotetemeka Turbo

Mpendwa Mzee, Baba Wanjiru,

Nambari yako ya simu haipatikani tena, ndiyo maana nakuandikia hadharani, nikitumaini kuna mtu huko Nyahururu mlikohamia atakusomea. Nina ombi moja: urudi kwetu Turbo, hata kwa siku moja.

Unakumbuka ile pampu ya maji ya kuendeshwa na upepo uliyotutengenezea, wewe ukiwa jirani yetu na fundi wa kuchomelea? Mabawa yake ya mabati yalitetemeka hadi nati zikalegea. Nilikuwa darasa la saba, mjuaji kwelikweli. Tulipofunga gurudumu lisizunguke, nikashika bawa moja kwa mikono miwili litulie. Ukacheka. "Wewe Chebet, wacha kushika hiyo kitu. Wacha itetemeke ndio tuone shida iko wapi." Kisha ukafunga vipande vya uzi wa nailoni juu ya bawa, tukatazama pale vilipolala na pale vilipoanza kurukaruka ovyo. Ulinionyesha kwa kidole kwamba hapo ndipo upepo unapoachana na bawa.

Halafu uchaguzi ukaja na mambo yake, watu wakageukiana kwa kabila. Karakana yako ilipochomwa, Baba yangu alifunga mlango, akatuambia tukae kimya. Tukakaa kimya. Kesho yake mliondoka juu ya lori, na hakuna hata mmoja wetu aliyetoka kuwaaga. Nimeona aibu miaka hii yote, Mzee, wala sitaipamba.

Siku hizi nasomea shahada ya pili ya uhandisi hapa Eldoret, nimepanga chumba mtaa wa Munyaka. Kazi yangu ni kuiga kwenye kompyuta jinsi hewa inavyopita kando ya bawa linalotetemeka. Miezi mingi majibu yalikataa katakata kufanana na vipimo halisi. Kumbe kwenye hesabu zangu nilikuwa nimeligandisha bawa, hewa peke yake ndiyo inatembea, kwa sababu hivyo ni rahisi. Mjuaji haachi ujuaji wake. Nilipoliachilia, hewa ikalisukuma bawa, bawa nalo likaisukuma hewa, na mistari kwenye skrini ikaanza kurukaruka palepale uliponionyesha. Nilicheka peke yangu maabarani, kisha nikalia kidogo. Sasa nataka kuunda bawa lenyewe, la chuma, na fundi ninayemtaka ni wewe.

Jumapili nilimwambia Baba kwamba nakuandikia. Akamaliza chai yake kwanza.

"Mwambie ile plot yake hakuna mtu ameguza," akasema. "Mimi ndio hufyeka hiyo nyasi kila mwaka."

Sikuwa nikijua. Nilipoinuka kuondoka akaniita tena.

"Na umwambie niliogopa. Andika tu hivyo."

Nimeandika hivyo.

Kaa salama, Mzee, na unisalimie Wanjiru na mama yake. Ukija, pitia kwetu kwanza kabla hujaenda kuona kiwanja chako. Baba anasema atakungoja stage ya matatu tangu asubuhi.

Ni mimi, mtoto wa jirani yako,
Chebet