Sindano za Tumbo za Penina

Mwanaupe, nimetoka wodini sasa hivi. Mdogo wangu Penina amelazwa hapa Musoma. Tumbo limevimba, linatoa usaha.

Alichomwa sindano za kuyeyusha mafuta. Saluni, Bunda! Mchomaji ni msusi, Mwanaupe. Msusi!

Daktari alimwuliza ilikuwa dawa gani. Penina akajibu, "Sijui, dokta. Kichupa hakikuwa na maandishi. Aliniambia wateja wake wanapunguaga wote." Kesho asubuhi atakatwa nyama iliyooza.

Nikamfokea: "Mtu mzima unachomwaje kitu usichokijua?"

Akanitazama. "Dada, si uliniandika wa mwisho kwenye grupu la ukoo?"

Alimaanisha lile jedwali la vipimo vya sare za harusi ya kaka Hezron. Mimi ndiye niliyelipanga, kuanzia kiuno chembamba hadi kinene, ili fundi asichanganyikiwe. Penina alikuwa wa mwisho. Shangazi Boke akaandika, "Huyu atamaliza jora zima!" Ukoo mzima ukacheka, naye Penina akacheka kuliko wote. Nami niliamini kwamba anacheka.

Nimemwomba radhi huku nikilia. Akanishika mkono, akasema, "Nyamaza, Dada. Kilo tatu zimeshapungua."