Maji Yetu Yalilazwa na Vumbi la Kiamunyi

Jumamosi. Jua kali, upepo wa kutoka ziwani, vumbi mpaka kwenye meno. Na roho yangu leo ni chungu kama dawa ya malaria.

Kwa asiyenijua: mimi ndiye msimamizi wa wazima moto hapa Nakuru. Shule niliiacha katikati, lakini moto nimeusoma mpaka chuo kikuu. Kule Kamere, kwenye mashamba ya kando ya ziwa, niliwahi kuzima banda zima la maua peke yangu, viboko wakatoka ziwani wakasimama kutazama. Kuna moto mwingine ulisikia sauti yangu tu, ukaanza kupungua. Bisha ukitaka.

Leo moto haukunisikia.

Asubuhi mkubwa wetu, kijana wa digrii na viatu vya kung'aa, alinipigia simu. Gari la zima moto liende Kiamunyi, likamwagie maji uwanja wa harambee kabla mheshimiwa hajafika. Huku kwetu ndiyo desturi. Mtu mkubwa akija lazima vumbi lilale, na gari la kulilaza ni letu. Nikamwambia hayo maji yana kazi yake. Akaniuliza, "Mzee, unataka mgeni apige chafya kwenye kipaza sauti?"

Tukaenda. Kiprono, dereva wangu, alimwaga akiwa amenuna. Akina mama wa jikoni wakatupigia vigelegele, wakataka hata nyuma ya hema. "Ongeza kidogo, boss!" Na mimi nikipigiwa kigelegele sijui kukataa. Nikaongeza.

Tunakunja mipira, simu ikalia. Karakana ya viti inaungua mtaa wa Free Area.

Kwenda kujaza kwanza ni kuzunguka mji mzima. Kiprono akasema, "Mzee, hilo tangi linalia kama debe tupu." Nikamwambia akanyage mafuta twende hivyo hivyo, tutapambana na kilichobaki.

Kilichobaki kilikuwa aibu.

Mpira ulitema mara moja, ukakohoa, ukatoa hewa. Mimi na helmeti yangu nikabaki nimeushika mbele ya umati kama mtu aliyebeba nyoka aliyekufa. Wakaanza: "Boss, si mteme mate basi!" "Hawa wamekuja kuota moto!" Majirani ndio waliookoa nyumba za kando, kwa ndoo na mchanga. Hakuna aliyeumia, Mungu ni mkubwa.

Mama Atieno, mwenye karakana, hakutukana. Aliangalia sofa za wateja zikigeuka makaa, halafu akaniuliza polepole, "Baba, mlipeleka wapi maji yangu?"

Yangu, alisema. Nikavua helmeti, nikaanza kukunja mpira.

Jioni mkubwa akapiga tena. Jumatatu kuna kikao cha uchunguzi, Mama Atieno ataitwa, na mimi nitasimama niseme Kiprono alisahau kujaza tangi. "Wewe una mdomo, mzee. Ukisimulia, watu wanakaa kimya." Kiprono afutwe, mambo yapoe. Nikikataa, naondolewa kwenye gari, napelekwa madukani kukagua ile mitungi ya kuzimia moto ambayo watu huzuilia mlango, mpaka nistaafu.

Miaka yote hii huyo kijana hajawahi kuniomba stori. Sasa anataka moja.

Kiprono naye alinipigia. Watoto wake nilikuwa nawasikia nyuma wakigombania rimoti. Hakulia, hakubembeleza. Alisema tu, "Mzee, wewe ulikuwepo."

Nilikuwepo, ndiyo.

Sikilizeni. Chumvi natia, sikatai. Wale viboko labda walikuwa wawili. Labda alikuwa mmoja na gogo. Lakini chumvi yangu haijawahi kumfukuzisha mtu kazi. Hii ninayoletewa ni sumu, na inaletwa na mtu ambaye hajawahi hata kuunguzwa na sufuria.

Basi Jumatatu nitasema ni nani aliyeagiza maji yaende Kiamunyi, na ni nani aliyeambiwa aongeze akaongeza. Bila viboko, bila mbwembwe. Kama ni mitungi, nitaikagua.

Kinachoninyima usingizi ni kingine. Free Area nzima inanijua kwa zile hadithi zangu. Nikisimama mbele ya Mama Atieno na ukweli mtupu kwa mara ya kwanza, nitamfanyaje aniamini?