Mkono Ulitoka, Uso Haukutoka

Jumatano, 30 Julai
Nimefuta kamera. Betri nimechaji kwa jirani mwenye sola. Harusi za Garsen mpaka Tarasaa nimezipiga video mimi, na kamera hii hii ndogo. Hakuna wa kunishinda. Jumamosi anaolewa Rehema, mjukuu wangu. Ndugu yangu Jilo ametuma neno, anakuja. Jilo! Hatusemeshani tangu mto uhame ukameza mpaka wa mashamba yetu ya mpunga.

Ijumaa, 1 Agosti
Hawayu, binti wa marehemu dada yangu, amefika na kamera kubwa kama sufuria. Ameitazama yangu. "Mjomba, sensa yako ni ndogo." Nimewaka. Sensa ni kuhesabu watu, na mimi sijawahi kumwacha mtu nje ya video. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe sensa yao ni kibao ndani ya kamera, kinachopokea mwanga. Akafungua yake. Kinang'aa, kipana kama stampu ya barua. Changu, anasema, hakifiki punje ya mahindi. Punje! Miaka yote hii!
Familia imeamua yeye ndiye atakayepiga, mimi niketi na wazee. Siketi.

Jumamosi, 2 Agosti
Kanisani giza. Yangu imetoka chenga tupu, ya Hawayu kama mchana. Imeniuma. Nje jua kali. Jilo akaja nyuma ya Rehema, akamwekea mkono kichwani kumbariki. Midomo inacheza. Vigelegele vimejaa, hakuna aliyesikia neno. Nilipiga, nimesimama juu ya kiti. Machozi yalinitoka. Vumbi.

Alhamisi, 7 Agosti
Siwezi kutulia. Video ya Hawayu imeonyeshwa uani. Hapa kwetu asiyeonekana kwenye video ni kama hakuja, kwa hiyo watu wanakaa wanatajana majina. Mwanzo tuliachama midomo. Rehema malkia. Jasho la puani unaliona. Nyuma yake ukungu laini, kama sinema. Halafu mkono wa Jilo. Kucha zote unaziona. Nyuma ya mkono, ukungu. Uso hakuna. Mtu mzima amekuwa moshi!
Jilo, naye alikuwa amekuja kutazama, akasimama. "Mkono mmechukua, uso mmetupa. Mmenifuta." Akapanda pikipiki, akaenda zake.
Hawayu analia. Anasema kibao kikubwa ndivyo kilivyo, ukifungua lenzi sana na kulenga uso wa mbele, wa nyuma unayeyuka. Ndio urembo wenyewe, anasema. Urembo gani huu, wa kuyeyusha ndugu wa mtu?

Ijumaa, 8 Agosti
Hawayu anataka kwenda kuomba radhi. Nimemkataza. Ataanza habari za sensa, Jilo atazidi kuona anachezewa.
Nimeitazama video yangu. Imepinda kidogo. Rehema yumo. Jilo yumo. Migomba, kuku anapita. Wa mbele wazi, wa nyuma wazi. Hawayu ameona. Akasema kibao kidogo hakichagui watu. Siku nyingine ningejisifu mpaka jioni. Leo naogopa. Jilo akinifukuza, basi tena. Tumebaki sisi wawili tu.

Jumamosi, 9 Agosti
Golbanti, kwa Jilo. Mkewe ndiye aliyenikaribisha. Jilo mwenyewe hakunisalimu. Nikamshikisha kamera mkononi. Skrini ndogo, ikabidi tugusane vichwa ndiyo tuone. Akajiona. Akarudisha nyuma. Akarudisha tena.
"Nimezeeka."
"Wewe ulizaliwa mzee."
Hakucheka. Lakini kamera hakuiachia.
Nikamuuliza midomo ile ilikuwa inasema nini. Akasema alikuwa anamwita Rehema kwa jina la mama yetu.
 Chai aliyoleta mkewe imepoa, tumeinywa hivyo hivyo.