Wanja wa Dada

3 Machi

Mama, shikamoo. Mgongo unasemaje? Huku kwangu kuzuri, isipokuwa jicho. Chokea imerudi, ya tatu tangu nianze kazi hapa kiwandani. Wenzangu wa vyerehani vya jirani wananicheka, eti nimechungulia watu bafuni. Msimamizi yeye hacheki. Jana nilishona mifuko sita ya suruali kinyume, akasema nikiharibu tena ananitoa kwenye mashine. Nifanyeje, mama?

Mwanao

15 Machi

Marahaba, mwanangu. Mgongo upo, tumeshazoeana. Waambie hao wenzako chokea haina habari na bafu la mtu. Ni kitundu cha mafuta ukingoni mwa kope kimeziba, vijidudu vikapata pa kukaa. Nawa mikono kwanza. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya uvuguvugu, ukande jicho dakika kumi, mara nne kwa siku. Usiitumbue, hata ikuwashe vipi. Uvimbe ukienea usoni au ukianza kuona ukungu, nenda hospitali, usingoje barua yangu. Na kama unapaka wanja wa zamani, tupa. Huenda ndio unaokurudisha nyuma.

Mama yako

2 Juni

Shikamoo mama. Unisamehe kwa kimya. Nilikanda kama ulivyosema, ikapona, ikarudi. Neno lako moja nililikwepa. Hiyo kalamu ya wanja ni ya Dada. Niliitoa kwenye mkoba wake siku tuliyomzika, sikukuambia. Kila asubuhi napaka kidogo tu, naona kama tumetoka wote kwenda kazini. Sasa nimetolewa kwenye mashine, nakata nyuzi, na mwisho wa mwezi wataamua kama nabaki. Lakini nikiitupa, mama, nitabaki na nini?

Mwanao

14 Juni

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma kwa jicho moja. Usinicheke. Nami nina chokea, ya tano hii. Foronya ya dada yako sijaifua tangu msiba, miezi minane. Nilikuwa nafunika uso humo nalia. Mhudumu wa zahanati aliponiuliza nalalia nini, nikamdanganya. Wewe nakufundisha usafi, mwenyewe nalalia uchafu! Harufu yake iliisha zamani, nilikuwa nanusa machozi yangu tu. Jana nimeifua. Nilikaa chini ya kamba mpaka ikakauka, na niliumia sana.

Tupa hiyo kalamu. Unajua alivyokuwa mchoyo wa wanja wake. Angegundua umeichukua, asingekusemesha wiki nzima.

Mama yako

30 Juni

Shikamoo mama. Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikanawa mikono. Kalamu nimeitupa. Kifuniko nimekibakiza, nimekichemsha mara mbili, kiko dirishani. Jicho limepona, na kesho narudi kwenye mashine.

Foronya usiifungie kabatini, mama. Ilalie, na uifue kila wiki.

Mwanao aliyebaki