Jicho la Kaka Lucius

Pittsburgh, 9 Januari 2019

Kaka Lucius,

Habari za huko Gary na baridi yake? Presha ya Mama inaendeleaje? Mimi mzima, ukiliacha hili goti. Nakuandikia barua kwa sababu simu zetu huishia kukatiana.

Tajiri wa timu yetu ya kikapu anataka kunipeleka timu ya San Diego, apewe vijana wawili wa miaka ishirini badala yangu. Lakini mkataba wangu unasema siendi popote nisiposaini. Nina miaka thelathini na sita, kumi na mitano nimeimaliza hapa, na nilitaka kustaafu na jezi hii hii. Ila sitaki kuwa mzigo. Wewe ndiye unayeitafutia timu hii vipaji, na sijaona jicho kama lako. Niambie kweli, bado nafaa? Ukisema nimekwisha, nasaini.

Mdogo wako,
Odell

Gary, 14 Januari

Odell,

Salamu nyingi. Mama hajambo, presha imeshuka. Jana kanipikia mkate wa mahindi, halafu mezani akaniita Odell mara mbili. Sikumsahihisha.

Umeuliza, nakujibu. Umekwisha, bwana. Ukiruka siku hizi, hata karatasi haipiti chini ya viatu vyako. Mashabiki wanakupigia makofi ya huruma tu. Saini, uondoke na heshima yako. Nasema haya kwa kukupenda.

Kaka yako,
Lucius

San Diego, 11 Februari

Kaka,

Hujambo? Mama je? Nimefika salama. Nilisaini siku ile ile niliyopata barua yako, nikakaa ndani ya gari nikalia kama mtoto.

Unajua mchezaji akihamishwa faili lake humfuata. Daktari wa huku amenifungulia langu, na ndani mna karatasi uliyomwandikia tajiri mwezi wa Desemba: "Goti linapona. Ana misimu miwili mizuri. Tusimwachie." Sahihi ni yako. Tajiri hakukusikiliza, sawa, lakini bila mimi kusaini angefanya nini? Yeye ulimwambia kweli, mimi ndugu yako ukanidanganya. Kweli kikulacho ki nguoni mwako. Kwa nini, Lucius?

Odell

Gary, 19 Februari

Mdogo wangu,

Natumaini goti linakupa nafuu. Mama anakusalimu, na hajui lolote.

Karatasi ya kazi sikuweza kuidanganya. Wewe niliweza.

Ni wivu, Odell, sina jina jingine la kuupa. Mtaani kwetu mimi ndiye niliyekuwa mkali, wewe ulikuwa huwezi hata kudunda mpira bila kuugonga mguu wako. Kisha ukarefuka mwaka mmoja kama umewekewa mbolea, mimi nikabaki hivi hivi. Sebuleni kuna picha zako thelathini na moja. Kanisani naitwa "kaka yake Odell", mimi niliyezaliwa kwanza! Nilitaka msimu mmoja tu timu icheze bila jina lako kutajwa. Sasa umeondoka, na Mama kutwa ananiuliza San Diego ni saa ngapi.

Nitukane ukitaka, ila usininyamazie.

Kaka yako,
Lucius

San Diego, 3 Machi

Kaka,

Shikamoo. Jana nimecheza dakika thelathini na goti halikulalamika. Jicho lako halikukosea.

Na mimi nikwambie wivu wangu. Ni Jumapili zako. Miaka kumi na mitano umekaa meza moja na Mama, mboga zinafuka moshi, anakugombeza umalize sahani. Mimi nakula hotelini peke yangu na televisheni. Nilikuwa nikikupigia siku hizo kwa makusudi, nisikie vijiko tu. Ukidhani nimekupigia kujisifu, unanikatia.

Pittsburgh Mama alikataa kuhamia kwangu, alisema hawezi kutoka baridi moja kwenda baridi nyingine. Juzi nimempigia nikamweleza jua la huku, akakubali kabla sijamaliza kuuliza. Alisema atakwambia mwenyewe, lakini nadhani anakuonea huruma.

Ndege yake ni Jumamosi saa nne asubuhi. Mfungie mizigo vizuri na umsindikize mpaka ndani. Tiketi niliyomkatia ni ya kuja tu.

Mdogo wako,
Odell