Phylis Namalwa Wangila, Uliyezivisha Keki Shanga

Mama, mwezi huu wa Agosti unatimiza mwaka tangu utuache. Tumeketi sebuleni hapa Kitengela, Baba na sisi watoto wako, tukakubaliana kwamba mimi Elsie niandike na wengine wanisahihishe. Wasike ameshanisahihisha mara kadhaa. Maryanne anasema nisijaze ukurasa na habari za ugonjwa, kwa sababu wewe ulikuwa mtu wa kazi. Kwa hivyo tunaanza na kazi.

Ulikuja Kitengela mwanzoni mwa miaka ya tisini, ukitoka Kimilili, Baba alipopata ukarani katika kiwanda kimoja huko Athi River. Nyumba zilikuwa chache wakati huo, na asubuhi ukifungua dirisha la jikoni ulikuwa ukiona punda milia wakila majani ng'ambo ya barabara. Ulifundisha watoto wa nasari. Keki ulijifunza shuleni, katika somo la sayansi kimu, na mwanzoni ulikuwa ukituokea sisi tu. Uliweka mchanga kwenye sufuria kubwa juu ya jiko, sufuria ndogo ikakaa ndani yake, na makaa ukayapanga juu ya kifuniko. Keki ya kwanza kutoka nje ya nyumba yetu ilikuwa ya ubatizo wa mtoto wa jirani. Mchungaji aliuliza imenunuliwa duka gani la Nairobi. Walipomwonyesha wewe, uliinama ukajifanya unatafuta kijiko kilichoanguka.

Baada ya hapo watu hawakukuacha. Ulikuwa ukikunja karatasi kama ya kufungia njugu, unaijaza aisingi, ile sukari laini ya kupambia, unakata ncha yake kwa makasi, kisha unakamua polepole, na waridi linafunguka jani kwa jani mbele ya macho yetu. Radio ilizimwa. Ulisema ukisikiliza habari mkono unasimama. Kiangazi kikija na vumbi lake, ulining'iniza shuka mbichi dirishani na hakuna mtu aliyeruhusiwa kufungua mlango ghafla, hata Baba akitoka kazini. Alikuwa akibisha mlango wa nyumba yake mwenyewe na kungoja. Kiwanda kilipopunguza wafanyakazi na Baba akawa mmoja wao, keki zako ndizo zilizotuweka shuleni, na hatukuwahi kukusikia ukimkumbusha jambo hilo.

Wewe mwenyewe keki hukula. Ulipenda chai ya maziwa na mahindi ya kuchemsha.

Miaka ile tuliishi ploti moja na Margaret na mumewe Lesiamon, aliyekuwa akifanya kazi ya mifugo serikalini kabla hawajarudi kwao Kajiado. Binti yao Naisenya alikuwa akishinda jikoni kwetu akingoja mabaki ya aisingi. Siku moja alikuuliza kama na yeye atapata keki kubwa ya ghorofa. Ukamwambia, "Siku ya harusi yako, nitakutengenezea mimi." Ulisema hivyo jinsi mtu mzima anavyomwambia mtoto, lakini wewe ulikuwa ukishasema umesema. Mlipotengana mliendelea kutembeleana, na Naisenya alipochumbiwa, mtu wa kwanza kuambiwa nje ya ukoo wao ulikuwa wewe. Harusi ilipangwa ya Desemba mwaka 2003.

Mnamo Agosti mwaka huo ulianguka ukitoka kuanua nguo. Hospitalini walisema ni kiharusi. Ulirudi nyumbani ukitembea kwa kuburuta mguu, maneno yakitoka mazito, na mkono wako wa kulia, ule wa waridi, ulikuwa umelala tu mapajani. Ungeweza kuusogeza kidogo, lakini vidole havikukubali kushika kitu.

Hapa Baba ameniambia niandike ukweli. Ulikata tamaa, Mama. Ulimwambia Maryanne achukue zile nozeli zako za chuma za kukamulia aisingi, Baba alizokununulia akiwa bado na mshahara, awapelekee akina mama wa kanisa. Baba alizirudisha kabatini. Mkabishana mbele yetu, jambo ambalo halikuwa desturi yenu.

"Zinakaa hapo za nini?" ulimuuliza.

"Zinakaa," Baba akasema. "Hazikuombi chakula."

Siku moja ulijaribu kukamua kwa mkono wa kushoto. Mstari ulikwenda ukiyumba, ukakatika, ukaanza tena mahali pengine. Uliugonga mfuko wa kukamulia mezani mpaka aisingi ikaruka ukutani, kisha ukalia, na sisi tukasimama mlangoni tusijue kama tuingie au tuondoke. Wasike ndiye aliyeingia akafuta ukuta. 

Margaret alikuja kukuona mwezi wa Oktoba, pamoja na mama mkwe wake, Koko Nashipae, ambaye ndiye nyanya ya Naisenya. Margaret alikushika mkono wako wa kulia na hakuuachilia muda wote mliozungumza.

"Mama Elsie," akasema, "hiyo maneno ya keki usiiweke kwa roho. Tutanunua Nairobi. Naisenya ameelewa."

Ukamuuliza, "Mmeshanunua?"

"Bado."

"Basi msinunue."

Margaret alitutazama sisi, kisha akamtazama Baba. Baba alikuwa akikutazama wewe.

Tulifikiri ni ubishi wa mgonjwa. Hatukujua kwamba ulikuwa umeshaona jambo. Daktari wa mazoezi alikuwa amekuambia ukande kitu laini kila siku ili mkono uamke, nawe ukamwagiza Maryanne akukandie fondanti, lile donge laini la sukari na jelatini linalofunika keki kama ngozi. Ulikuwa ukiketi mezani kila asubuhi ukiviringisha vipande chini ya kiganja cha kulia. Kushika hukuweza, lakini kuviringisha, meza ikikusaidia, uliweza. Vilikuwa vikitoka vidonge vidogo vya mviringo, na ulikuwa ukivitupa. Siku ile Koko Nashipae ameketi mbele yako na shanga zake shingoni, ukamwangalia shingo mpaka akaona haya. Ukaomba kwa ishara aje karibu. Ukagusa shanga moja kwa kidole, kisha ukachukua kidonge kimoja cha fondanti pale mezani, ukakiweka kando yake.

Koko akacheka, akasema kitu kwa Kimaasai. Margaret akatafsiri: "Anauliza kama unataka kumvalisha shanga ya sukari."

"Yeye hapana," ukasema. "Keki."

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Uliamka mapema kabla yetu. Ulitia rangi fondanti, nyekundu, buluu, kijani, machungwa, na nyingine ukaiacha nyeupe, kisha ukaviringisha, ukaviringisha. Vikubwa kidogo ulivikataa. Vya pembe ulivikataa. Maryanne alisaidia kukanda na Wasike akawa wa kuoka, lakini vidonge hukumwachia mtu. Nilipokuomba nisaidie ulisema, "Vyako havitafanana na vyangu. Wacha." Nilikasirika kidogo wakati ule. Nilikuja kuelewa kwamba mkono ulikuwa ukipona na hukutaka kuunyang'anya kazi.

Ulimwomba Margaret amlete tena Koko aone mpango wa rangi. Alikuja na fimbo yake, ukamsalimia kwa Kimaasai, "Takwenya," akaitikia "Iko" akifurahi, ingawa kwa desturi yao wewe mdogo ndiye uliyestahili kusalimiwa. Aliketi mbele ya trei, akatazama kwa makini kama anayetazama ng'ombe sokoni. Kisha akatenganisha mistari miwili kwa ukucha.

"Anasema hizi mbili zinagombana," Margaret akasema. "Weka nyeupe katikati."

Ukaweka nyeupe katikati. Koko akatikisa kichwa kukubali, akaomba chai.

Siku ya harusi Lesiamon alikuja na pikapu yake kutuchukua. Wasike anasisitiza ilikuwa Peugeot ya kijivu, mimi naikumbuka nyeupe. Tumekubaliana ilikuwa na vumbi. Ghorofa kubwa za keki tulizipanga nyuma juu ya godoro, Wasike akiziangalia, nawe ukaketi mbele na ile ndogo ya juu magotini.  Lesiamon aliendesha taratibu mpaka malori yakampigia honi, naye hakujali.

Katika ukumbi wa kanisa Kajiado mliijenga wewe na Maryanne. Keki yote ilikuwa nyeupe, haina hata waridi moja. Kila ghorofa ilivaa mkufu mpana wa shanga, mstari juu ya mstari, ukishuka mbele kama ule aliovaa bibi harusi mwenyewe. Watu walipoingia ukumbini walisimama. Mjomba mmoja wa bwana harusi alimwambia mkewe kwamba ni hasara kuweka shanga nzuri hivyo mahali pa kupakwa mafuta, zitaoshwaje. Mkewe akamwambia azitoe basi. Alipogusa na kidole kikatoka chekundu, alikirudisha mfukoni haraka. Koko Nashipae ndiye aliyemaliza ubishi. Alibandua shanga moja nyekundu, akaitia mdomoni, akaitafuna mbele ya wote.

"Sidai," akasema. Nzuri.

Mshereheshaji aliuliza nani ametengeneza. Wewe ulikuwa umejibanza nyuma karibu na masufuria, mkono wa kulia umeuficha ndani ya leso. Margaret alikuja akakutoa huko. Hukutaka. Alikuleta mpaka mbele, akakunjua leso, akautoa ule mkono, akauinua watu wauone, vidole vyake bado vimejikunja.

"Ni huu," akasema. 

Wanawake wa Kajiado walipiga vigelegele. Baba alikuwa ameketi karibu na mlango. Anasema niandike kwamba alilia, kwa sababu hakuwahi kukuambia.

Baada ya harusi hiyo walikuja watu kutoka Isinya, Namanga, hata Kimana na Loitokitok, wakitaka keki za shanga. Vidole vyako vilinyooka vingine, viwili havikunyooka kabisa, na waridi hukurudia. Uliwafundisha akina mama waliokuja jikoni kwetu bila kuwaficha kitu. Wanjira, jirani yetu wa nyumba ya pili, alijifunza kwako na leo ana wateja wake mpaka Kware, Rongai. Walipokuuliza kama huogopi watakunyang'anya soko, ulisema, "Watu wanazaliwa kila siku. Nani atamaliza kuwaokea wote?"

Hatuwezi kuacha Januari ile kabla hujatuacha, nchi ilipochafuka baada ya uchaguzi na majirani wa ploti yetu wakaacha kusalimiana, kila mmoja akiangalia jina la mwenzake. Mtoto wa Wanjira alikuwa anatimiza umri wa kuanza shule. Wanjira alikuwa amejifungia ndani. Ulioka keki kwa unga uliokuwa umebaki, ukaipamba, ukapita nayo katikati ya ua mchana, ukiburuta mguu wako, watu wote wakitazama kutoka milangoni. Ukabisha.

"Nani?" Wanjira akauliza.

"Ni mimi, Mama Elsie. Fungua, mikono imejaa."

Akafungua. Ukaingia, ukakaa humo mpaka jioni. Kesho yake watu walianza kusalimiana bombani.

Uliondoka asubuhi, Mama, ukikunja kitambaa cha meza. Kiharusi cha pili hakikukupa nafasi. Tulikulaza nyumbani Kimilili, karibu na kaburi la Kukhu, nyanya yetu, na tulipogeuka kuangalia barabara tuliona basi limejaa wanawake wa Kajiado na Kitengela, wamesafiri usiku kucha, Margaret na Lesiamon wakiwa mbele, Wanjira nyuma yao na mwanawe. Mama zetu wadogo walipika ugali wa wimbi mpaka unga ukaisha. Naisenya hakuja. Alikuwa mjamzito na daktari alimkataza safari ndefu. Alituma maneno kwa mama yake kwamba atakuja siku nyingine, na hatakuja mikono mitupu.

Mwezi uliopita alikuja. Alishuka na mtoto wa kike mgongoni, mnene, mwenye macho makubwa. Baba alimpokea akamweka magotini, akauliza anaitwa nani.

"Namalwa," Naisenya akasema.

Baba alidhani hakusikia vizuri. Hilo ni jina lako, la kwetu Wabukusu, na mtoto ni Mmaasai wa Kajiado. Akauliza tena. Naisenya akamweleza kwamba wazee wa mumewe waliuliza pia, wakataka kujua jina hilo limetoka wapi, na Koko Nashipae ndiye aliyewajibu. Aliwaambia limetoka Kitengela, na kwamba aliyekuwa nalo alikuwa mtu wao.

Baba alimshika mtoto vidole, kimoja kimoja, muda mrefu.

Wanaokukumbuka ni mumeo Wangila. Wanao Elsie, Wasike na Maryanne. Dada zako na kaka zako wa Kimilili. Rafiki zako Margaret na Lesiamon, na Koko Nashipae. Naisenya na mumewe. Jirani yako Wanjira na mwanawe. Watoto wa nasari uliowafundisha, ambao sasa ni watu wazima. Na akina mama wote uliowaonyesha kazi.

Pumzika, Mama. Hapa kwetu bado unatajwa kila siku, na Kajiado wanaliita jina lako asubuhi, naye anaitika.